Nimeacha sindano za kupunguza uzito na njaa imerudi: je, dawa imeniharibu?

SWALI

Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nauza vitenge hapa Tanga. Nilitumia sindano za semaglutide, zile za kila wiki, kwa muda wa miezi 15. Alikuwa akiniletea dada yangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat, nikapanda mpaka dozi ya miligramu 2.4. Nilianza na kilo 104, nikafika 86. Presha ilishuka mpaka kliniki wakaniachisha vidonge, na sukari iliyokuwa mpakani ikakaa sawa. Sasa mkataba wa dada umeisha, amerudi nyumbani, na bei ya madukani siiwezi. Hii ni wiki ya tisa sijachoma. Wiki tatu za mwanzo sikuona tofauti, nikasema alhamdulillahi, nimepona. Kuanzia wiki ya tano njaa imekuja kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani. Nimeshiba na bado nawaza chakula. Kilo 4 zimerudi, na asubuhi kisogo kinaniuma. Mume wangu anasema ni ulafi, nijizuie tu. Je, dawa imeniharibu mwili? Nitanenepa kuliko nilivyokuwa? Kwenye friji nina kalamu ya sindano iliyobaki dozi mbili, nijichome? Na shoga yangu ananiomba nimpe yeye.

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Maswali yako yote nitayajibu, lakini naanza na jambo ulilolitaja kwa maneno machache kisha ukalipita: kisogo.

Nenda kapime presha leo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Famasi yoyote ya jirani yenye kipimo inatosha kwa kuanzia. Ulipopungua kilo 18, presha yako ilishuka kwa sababu ya uzito ule na kwa sababu ya dawa yenyewe, ndiyo maana walikuachisha vidonge, na walifanya sawa kabisa, maana wangekuacha uendelee navyo ungeanza kupata kizunguzungu. Lakini uamuzi ule ulifanywa kwa mwili uliokuwa na sindano. Sindano imeondoka, na hakuna aliyerudi kuuangalia uamuzi ule upya. Hili nimeliona mara nyingi kliniki kuliko ningependa: mtu anaacha sindano, anahesabu kilo tu, na presha inapanda kimya nyuma yake. Huenda kisogo chako kina sababu nyingine, kwani presha mara nyingi haiumi hata kidogo. Ndiyo maana dawa yake ni kupima, si kukisia. Usirudie vidonge vyako vya zamani kwa kujiamulia. Chukua namba uliyopata uende nayo kliniki wiki hii. Ila ukikuta namba ya juu imefika 180 au ya chini 120, na una maumivu ya kifua, macho yanaona ukungu, unapumua kwa shida au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa tuje kwenye hilo neno la mumeo.

Unapokula, utumbo wako hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inakwenda kwenye kongosho kuiambia itoe insulini, inalichelewesha tumbo lisimwage chakula haraka, na inafika kwenye ubongo kusema: imetosha. Homoni hiyo ya asili haidumu. Ndani ya dakika mbili hivi nusu yake imeshavunjwavunjwa. Semaglutide imetengenezwa kwa mfano wa homoni hiyohiyo, ila imerekebishwa ili isivunjike upesi: nusu yake hubaki mwilini baada ya wiki nzima. Yaani kwa miezi 15 ubongo wako ulikuwa ukiambiwa "imetosha" mchana na usiku, bila kukatizwa. Ndiyo maana kichwa kilikuwa kimya. Wagonjwa wangu wengi huniambia jambo la kwanza waliloliona si kupungua, ni ule utulivu: kupita mbele ya mama anayechoma mahamri na kusikia harufu tu, bila mabishano na nafsi.

Hesabu hiyo ya wiki moja ndiyo inayoeleza wiki zako tatu za mwanzo. Wiki ya kwanza baada ya sindano ya mwisho kulikuwa na nusu ya dawa mwilini. Ya pili, robo. Ya tatu, moja ya nane. Dozi yako ilikuwa kubwa, kwa hiyo hata hicho kidogo kilikuwa kikifanya kazi. Kufika wiki ya tano dawa imekwisha, hakuna cha kutegemea. Njaa ikaja. Hukupona kisha ukaugua tena, na wala hukuwa mwema kisha ukawa mlafi. Dawa ilikuwepo, kisha ikaondoka.

Na njaa hiyo haikurudi pale ilipokuwa ulipokuwa na kilo 104. Imerudi na nguvu zaidi, kwa sababu mwili uliopungua huhesabu kwamba umepata hasara. Seli za mafuta hutoa homoni nyingine, leptini, inayouarifu ubongo akiba ikoje. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unasoma hivi: kuna njaa nchini, tafuta chakula, na matumizi yapunguzwe. Wakati huohuo ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, inapanda. Watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu 50 waliopungua kwa kula kidogo sana kwa wiki 10, bila sindano yoyote, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Mwaka mzima baada ya kupungua, homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na watu wale bado walikuwa na njaa kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Mwaka mzima! Kwa hiyo unachokisikia si tabia mpya. Ni mwili wako unaodai kilo 18 zake.

Mwambie mumeo jambo moja, kwa upole. Ulipoachishwa vidonge vya presha, kama presha ingepanda, asingekuambia "jizuie tu". Angekupeleka hospitali. Unene wa kiwango chako ni ugonjwa wa kudumu kama presha ilivyo, na dawa yake hufanya kazi siku zile unazoitumia. Sisemi hivi ili kukuondolea wajibu, maana yapo mengi ya kufanya na nitayataja. Nasema hivi kwa sababu aibu inaua watu. Nina mgonjwa, mama wa makamo yako, aliyepotea kliniki miezi minane kwa kuona haya kuja kupanda mizani. Aliporudi presha ilikuwa 190 kwa 110. Tungemwona mwezi wa pili, tungekuwa tunazungumzia kilo tano tu.

Umeuliza kama utanenepa kuliko ulivyokuwa. Nitakupa hesabu jinsi zilivyo, ni bora kuliko kukubembeleza.

Utafiti mkubwa wa dozi kama yako, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuwa na watu 1,961 na ulidumu wiki 68. Waliochomwa semaglutide walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Baadaye watu 327 kati yao walifuatiliwa kwa mwaka mmoja zaidi, dawa ikiwa imesimamishwa na ushauri wa chakula na mazoezi nao umesimamishwa. Katika kundi hili waliokuwa wakitumia dawa walikuwa wamepungua asilimia 17.3. Kwako wewe, asilimia 17.3 ya kilo 104 ni kilo 18 kamili, kana kwamba ulikuwa mmoja wao. Baada ya mwaka bila dawa, theluthi mbili ya uzito uliopungua ulikuwa umerudi, wakabaki chini ya walipoanzia kwa asilimia 5.6. Kwa mizani yako, hiyo ni kama kilo 98. Na presha, mafuta ya damu na sukari vilirudi kuelekea vilikotoka. Ndiyo maana nilianza na kisogo.

Kwa hiyo jibu fupi: wastani wa watu wale, baada ya mwaka, walikuwa bado wepesi kuliko walivyoanza. Sijaona ushahidi kwamba dawa hii huuacha mwili ukiwa umeharibika, au kwamba kongosho husahau kazi yake, au kwamba njaa hukaa juu milele kwa sababu ya sindano. Ila mwaka mmoja si mwisho wa safari, na katika vipimo vile mstari wa uzito ulikuwa bado unapanda pale utafiti ulipokoma.

Sindano ya tirzepatide, ile ya Mounjaro, ilipimwa kwa namna hiyohiyo. Watu 670 waliitumia kwa wiki 36, wakapungua kwa wastani asilimia 20.9. Kisha nusu wakaendelea, na nusu wakapewa sindano isiyo na dawa bila wao kujua. Walioendelea walipungua tena kidogo. Walioachishwa walipanda asilimia 14 ndani ya mwaka mmoja. Huwa nairudia kwa wagonjwa namba moja ya utafiti huu ambayo haisemwi sana: katika hao walioachishwa, karibu mmoja kati ya sita alibaki na angalau asilimia 80 ya kile alichokuwa amekipunguza. Si wengi. Lakini wapo. Na hakuna aliyeweza kuwatambua mapema kwa kuwaangalia usoni, kwa hiyo sikubali mtu aambiwe tangu wiki ya tisa kwamba vita vimekwisha.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi zaidi ya mizani, nalo ni misuli. Ukipungua kilo 18 hupungui mafuta matupu. Katika washiriki wa utafiti wa semaglutide waliopigwa picha ya kupima mwili, karibu kilo 4 katika kila kilo 10 zilizopotea hazikuwa mafuta. Ndani yake mna misuli. Sasa uzito unaporudi kwa mtu asiyefanya mazoezi, unaotangulia kurudi ni mafuta. Unaweza kurudi kilo 95 ukiwa na mwili dhaifu kuliko ulipokuwa na kilo 95 ukishuka: kupanda ngazi kwa shida, goti kulia, sukari kupanda upesi, kwa sababu misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Hapo ndipo ninapokutaka uweke nguvu zako. Usizimalize kwenye kujinyima.

Wadenmark walifanya kazi nzuri sana kuhusu hili pale Copenhagen. Watu 195 walipunguzwa kwanza kwa mlo mdogo wa wiki 8, kilo 13 kwa wastani. Kisha wakagawanywa kwa mwaka mmoja: wengine mazoezi ya kusimamiwa, wengine sindano ya liraglutide, dawa ya jamii moja na semaglutide, wengine vyote viwili, wengine bila kitu. Mwaka ukaisha, kila kitu kikasimamishwa, wakaitwa tena baada ya mwaka mwingine. Waliokuwa na sindano peke yake walirudisha uzito mwingi. Waliokuwa wamefanya mazoezi, hata wale waliochanganya na sindano, walibaki na sehemu kubwa zaidi ya faida yao, kwa sababu wengi waliendelea kutembea na kukimbia bila kusimamiwa na mtu. Sindano haina cha kukuachia ikiondoka. Mazoea yanaweza kubaki.

Hukuniambia kama ulikuwa ukifanya mazoezi katika miezi ile 15. Kama hukufanya, usijilaumu, wengi hawakuambiwa. Anza sasa, na uanze na nguvu kabla ya jasho. Chukua kiti cha jikoni, simama na kukaa bila kushika kitu, mara 10, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, hatua mbili kutoka ukutani, vivyo hivyo. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zinatosha kwa mabega na mikono. Dukani kwako kuna marobota ya vitenge. Kuyainua kwa magoti, mgongo ukiwa wima, ni mazoezi ambayo watu wengine wanayalipia. Siku tatu kwa wiki. Siku nyingine tembea. Barabara ya Raskazone jioni, upepo wa bahari ukiwa umeanza, dakika 30 kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ikiwa presha itakutwa juu sana, anza na kutembea tu mpaka daktari wako aridhike, kisha ongeza hayo mengine.

Kwenye chakula sitakupa orodha ya makatazo. Njaa uliyonayo sasa itaishinda orodha yoyote. Nitakupa mpangilio: kila mlo uanze na kitoweo na mboga, wanga ufuate. Protini hushibisha kuliko wali na huilinda misuli. Mwanamke wa kilo 90 anayejaribu kulinda misuli, na figo zake ni nzima, anahitaji kama gramu 90 mpaka 100 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, 20 na kidogo. Kikombe cha maharage au mbaazi zilizochemshwa, 15 hivi. Wewe uko Tanga, dada. Dagaa, samaki na kunde viko mlangoni kwako. Mbaazi pika, tui liwe jepesi. Chai inywe bila sukari au na nusu ya ile uliyoizoea, maana vikombe vinne vya chai ya vijiko vitatu ni sukari nyingi inayopita bila kushibisha. Na usiruke chakula cha asubuhi kwa kudhani unaokoa kitu. Wagonjwa wangu wengi huja kushindwa kujizuia saa tatu usiku, mbele ya sufuria la wali wa nazi, kwa sababu walijinyima tangu alfajiri.

Ramadhani ikikukuta katika hali hii, panga futari mapema. Fungulia tende moja au mbili na maji, kula supu au uji mwepesi, nenda kaswali, kisha rudi kwenye sahani. Kati ya mihogo ya nazi, tambi na kaimati, chagua kimoja kwa siku, kingine kesho. Daku usiiache, na iwe na mayai au kunde. Ukiwa umerudishiwa vidonge vya presha au umepewa vya sukari, mwone daktari kabla ya mwezi kuandama ili abadilishe saa za kumeza.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kula. Si kila siku. Kila siku utaona maji na chumvi, utalia bure. Hata katika kilo zako 4, huenda sehemu ni chakula na maji, si mafuta matupu. Andika kwenye daftari pamoja na presha. Wagonjwa wangu ninapowaachisha sindano huwa tunakubaliana namba kabla: ukipanda kilo 3 njoo, hata kama miadi yako iko mbali. Wewe hukupata bahati ya kupewa namba hiyo, na umeshaipita, kwa hiyo miadi yako ni wiki hii.

Huko kliniki omba mambo mawili zaidi ya presha. La kwanza, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, kwa kuwa ulikuwa mpakani. La pili, muulize daktari kuhusu metformin, kidonge cha kisukari. Haitazima njaa kama sindano, sitaki utarajie hivyo. Lakini katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari ya mpakani, metformin ilipunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 31, na mabadiliko ya chakula na mwendo kwa asilimia 58. Ni kidonge cha zamani, bei yake inabebeka, na kwenye famasi zetu hakikosekani.

Je, urudi kwenye sindano? Kwa mtu mwenye presha, sukari ya mpakani na uzito kama wako, mimi nisingeona aibu kukuandikia tena kama ingekuwa inapatikana kwa bei unayoweza kuilipa mwaka hadi mwaka. Neno ni hilo: mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2025, linazungumzia dawa hizi kama matibabu ya muda mrefu, pamoja na chakula na mazoezi, na linataja bei na upatikanaji kama kikwazo kikubwa. Kukopa ili uchome miezi mitatu, uache, ukope tena, siungi mkono. Utapanda na kushuka, na kila kushuka kunachukua misuli. Lakini usifunge mlango. Hataza ya semaglutide, yaani haki ya kampuni moja pekee kuitengeneza, mwisho wake ni mwaka 2026 katika nchi kadhaa, India ikiwemo, na sehemu kubwa ya dawa zetu hutoka India. Bei hazitakaa zilivyo. Ipo pia njia ya upasuaji wa kupunguza tumbo kwa wale ambao uzito wao ni mkubwa zaidi ya wako. Puto la tumboni, linalowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, nalo hutolewa baada ya muda, na baada ya hapo maswali ni haya haya uliyoniandikia leo.

Wakati huu wa njaa utaletewa vitu vingi. Chai ya kukata tumbo, vidonge vya mitishamba visivyo na anwani, vifurushi vinavyouzwa kwa picha za kabla na baada. Dada yangu, usiguse. Bidhaa nyingi za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramine, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa mtu mwenye presha iliyoachwa bila vidonge, hilo ni hatari ya wazi.

Kama nywele zilianza kukatika wakati wa kupungua, mara nyingi huota tena ndani ya miezi kadhaa uzito ukitulia na protini ikitosha. Na ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta, usiyapuuze. Kupungua haraka huleta mawe kwenye nyongo, na sindano ikiisha mawe hayaondoki nayo.

Sasa hiyo kalamu. Usijichome. Kalamu ya dozi nne ikishafunguliwa hutumika wiki 6, na yako ina tisa tangu uiguse mara ya mwisho. Kubwa zaidi ni dozi: mwili wako umeshasahau 2.4. Ukijichoma dozi hiyo leo, unaweza kutapika mpaka upungukiwe maji, na kwa mtu wa presha figo zinaweza kuumia. Anayerudi baada ya muda kama wako huanza upya na 0.25, na hupanda kila baada ya wiki nne, chini ya daktari. Siku ukija kupata nyingine, inunue famasi iliyosajiliwa, yenye friji, ukiwa na cheti cha daktari. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia (Ozempic ni jina la biashara la semaglutide) zilizokamatwa katika nchi kadhaa, na dawa iliyosafiri kwenye begi bila barafu, au iliyoganda karibu na ukuta wa friji, huwezi kuijua kwa macho.

Na shoga yako usimpe, hata akikasirika. Kalamu iliyotumiwa na mtu mmoja haichangiwi hata ukibadilisha sindano, kwani damu huweza kurudi ndani yake, na magonjwa ya damu unayajua. Yeye hajawahi kuchoma. Kuanza na 2.4 ni kumlaza hospitali. Na kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, dawa hii haimfai kabisa. Mwambie aje kliniki apimwe, aelezwe mwanzo wake na mwisho wake, yaani haya yaliyokupata wewe bila kuonywa. Kalamu ipeleke famasi wakusaidie kuiteketeza.

Ukishapima presha niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na saa uliyopima. Pima asubuhi na jioni kwa siku saba, ukiwa umekaa dakika tano bila kuzungumza, mkono juu ya meza. Na siku ya kliniki nenda na mumeo, akae ndani asikie.